Wanamuziki Huhama, Mtindo Hubaki

Mwaka 1985 bendi ya DDC Mlimani Park ilipata pigo ambalo lingetosha kuzima bendi nyingi. Mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliwachukua kwa mkupuo mmoja wanamuziki kadhaa wa kutegemewa wa Mlimani Park. Miongoni mwao walikuwa Muhiddin Maalim Gurumo, mwimbaji na mmoja wa waasisi, na Abel Balthazar, mpiga gitaa aliyekuwapo tangu bendi ilipoundwa mwaka 1978. Walioondoka wakaja na mtindo mpya, Ndekule, nao ukapata wapenzi wake. Mlimani Park ikaziba mapengo, ikarudi mazoezini na kuendelea kupiga, na wimbo ulipoanza redioni msikilizaji alijua tangu gitaa la kwanza kwamba anasikia Sikinde, mtindo wa bendi hiyo.

Nimezisikiliza bendi za dansi za Dar es Salaam kwa muda mrefu nikiwa na swali hilo kichwani: ni kitu gani hubaki wakati watu wameshaondoka? Jibu wenyewe walilitangaza kila siku, kwa sababu kila bendi ilijitambulisha kwa mtindo wake. NUTA Jazz na warithi wake walikuwa na Msondo, Mlimani Park Sikinde, Western Jazz Saboso, Maquis Kamanyola. Mtindo ni zaidi ya jina la kunogesha tangazo. Ni makubaliano ya watu kumi na tano au ishirini kuhusu namna magitaa yanavyogawana kazi, mahali ambapo besi inaacha nafasi, jinsi waitikiaji wanavyompokea mwimbaji, na wakati wa kuuchemsha wimbo. Makubaliano hayo hayakai kwenye karatasi wala kwenye vidole vya mtu mmoja. Yanakaa katika masikio ya wote. Naamini kwamba ushauri wowote wa maana kwa bendi, uwe wa jukwaani, wa studioni au wa kugawana fedha, ni ushauri wa kuyalinda makubaliano hayo.

Mazoezini

Mtunzi anapoingia mazoezini huwa na maneno na sauti ya kuimbia, basi. Anaimba, wenzake wananyamaza kumsikiliza. Mpiga solo anatafuta namna ya kuufungua wimbo. Mpiga ridhimu anajaribu mwendo hadi mwimbaji aache kuhangaika na pumzi. Waimbaji wengine wanatafuta nani aende juu na nani abaki chini. Upepo, yaani tarumbeta na midomo ya bata (saksafoni), hupangwa mwishoni, pengo la kuingilia likishaonekana. Kazi hiyo yaweza kuchukua siku nyingi, na haiharakishwi.

Hapo ndipo anapohitajika mpangaji. Mlimani Park ilikuwa na Michael Enoch, King Enock, ambaye mwaka 1960 alishika solo katika Dar es Salaam Jazz, bendi iliyokuwapo tangu miaka ya 1930. Kwa miaka mingi alijifunza ala moja baada ya nyingine, na Mlimani Park ilimpata akiwa mpuliza saksafoni na mwalimu wa bendi. Thamani ya mtu kama huyo si wingi wa ala anazozijua. Ni kwamba anapomwomba mpiga besi kitu, anaomba kile ambacho mkono wa mpiga besi unaweza kukitoa. Anapomwambia mpuliza tarumbeta apunguze, anajua mdomo unavyochoka usiku unapokuwa mrefu. Bendi yoyote inayotaka kudumu imtafute mtu wa namna hiyo, na isipompata, imlee.

Tuyasikilize magitaa yenyewe, maana huko ndiko ufundi unakoonekana wazi. Ridhimu inashika mwendo na kuurudia bila kuchoka, na uzuri wake ni kutoyumba. Juu yake sekondi solo inafuma kisauti kifupi kinachozunguka, kikijaza nafasi zinazoachwa na ridhimu bila kuigusa ridhimu yenyewe. Solo ndiyo inayozungumza: inamtangulia mwimbaji, inamjibu, kisha inanyamaza anapoanza kusimulia. Chini kabisa besi ya dansi la Tanzania haijazi kila pigo. Inasema neno, inanyamaza, na kurudi pale ambapo mguu wa mchezaji unaihitaji. Ukiwaondoa wote ukamwacha mmoja, utasikia kitu ambacho hakijakamilika, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kila mmoja amepiga nusu ya sentensi akimwamini mwenzake kuimalizia.

Kwa hiyo zoezi la kwanza la bendi changa liwe kunyamaza. Pigeni wimbo mzima bila solo, muone kama bado unatembea. Upigeni tena kwa besi, tumba na sauti za waimbaji peke yake. Ala ambayo haikukosekana ilipotolewa, ama ilikuwa haina kazi, ama kazi yake ilikuwa ikifanywa na mwingine. Waimbaji wafanye mazoezi pembeni na gitaa moja lisilo na spika, kwa sababu sauti zinazopatana bila maiki zitapatana popote. Wapuliza upepo nao wakae peke yao hadi wavute pumzi pamoja. Mkikutana wote, kaeni duara mkitazamana, na pigeni kwa sauti ya chini ambayo mtu anaweza kuzungumza juu yake. Kelele huficha makosa, na kosa lililofichwa mazoezini hujitokeza mbele ya watu.

Kuna zoezi jingine ambalo bendi nyingi hulipuuza: kila mpigaji ajue sehemu ya jirani yake. Mpiga ridhimu ajue kisauti cha sekondi solo, mwitikiaji ajue beti za mwimbaji kiongozi. Mtu akiugua, wimbo haufi. Na anayejua jirani yake anapiga nini, hata vidole vyake mwenyewe hupiga vingine, kwa sababu sasa anasikia nafasi ambazo zamani alikuwa akizikanyaga.

Jukwaani

Usiku wa dansi ni mrefu, na bendi nzuri huupanga kama mtu anayejua kwamba ana safari. Mapema, watu wakiwa bado wanaingia na kutafuta viti, hupigwa nyimbo za taratibu na zile za zamani ambazo wateja wa siku zote wanazipenda. Nyimbo mpya huwekwa katikati, wakati masikio yameamka na miguu haijachoka. Zile zinazojulikana na kila mtu hubakizwa kwa saa ambayo ukumbi umejaa. Bendi inayomaliza silaha zake saa tatu usiku itakuwa na kazi ngumu saa sita.

Ndani ya kila wimbo kuna mpango wa aina hiyo hiyo. Nusu ya kwanza ni hadithi. Maneno yanasikika, magitaa yanamtumikia msimulizi, wachezaji wanashikana na kwenda polepole. Kisha wimbo unageuka, mwendo unakazwa, waimbaji wanaingia kiitikio kifupi cha kurudiarudia, upepo unajibu, na chemko linaanza. Ufundi mkubwa uko kwenye mlango kati ya sehemu hizo mbili. Ukifunguliwa mapema, hadithi inakatika. Ukicheleweshwa, watu wanarudi kwenye viti. Hakuna saa inayomwambia mpiga drams afungue lini. Miguu iliyo mbele yake ndiyo humwambia. Vivyo hivyo urefu wa chemko hauamuliwi mazoezini. Mpiga solo anaangalia uwanja, na kama uwanja bado una moto, anaanza mzunguko mwingine, na wenzake humfuata kwa sababu walimwona akiinua kichwa.

Ndiyo maana jukwaani lazima awepo kiongozi mmoja, na ishara zake zijulikane na wote. Mzungusho wa drams, mkono ulioinuliwa au jicho tu, vyote vinafaa mradi havibadiliki kila wiki. Wimbo ukikosewa, macho yasimgeukie aliyekosea. Mteja hakusikia kosa hadi alipoona watu saba wamegeuka kumtazama mpiga besi.

Sauti ya ukumbi ina adabu zake. Vyombo vifungwe mapema, kabla ya kiingilio kuanza kukusanywa, na vijaribiwe kwa wimbo mzima badala ya kuhesabu tu kwenye maiki. Ukumbi mtupu hurudisha sauti, ukumbi uliojaa huimeza, kwa hiyo kilichosikika sawasawa saa kumi na moja jioni kitahitaji kurekebishwa saa tatu usiku. Fundi mitambo ahesabiwe kuwa mwanabendi: ajue nyimbo, ajue solo inaingia wapi, ajue ni mwimbaji gani huimba mbali na maiki. Anzeni usiku kwa sauti ya wastani. Mpiga gitaa mmoja akiongeza, wa pili humfuata, na baada ya nyimbo chache mwimbaji anapiga kelele asikike, na kesho yake hana sauti.

Halafu kuna jambo la kutunzwa. Mpenzi wa bendi anapanda na kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, naye mwimbaji anamtaja jina kwa shukrani. Ni desturi nzuri, inaonyesha kwamba wimbo umefika. Lakini noti hiyo imeletwa na besi na tumba pia, ambazo haziko mbele kubandikwa kitu. Bendi ikubaliane mapema, mchana, kabla mtu hajashika fedha: inaingia mfuko wa wote, au ni ya aliyetunzwa, au inagawanywa vipi. Makubaliano yoyote ni bora kuliko kunung'unika kwenye gari la kurudi nyumbani.

Studioni

Kwa miaka mingi Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Aliyetaka santuri alitazama Nairobi. Muziki mwingi wa dansi uliohifadhiwa nchini ulirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa ajili ya kurushwa hewani. Maneno yalipitiwa kwanza, kisha bendi nzima iliingia chumbani na kupiga kwa pamoja, waimbaji, magitaa, upepo na ngoma, na mashine ikazunguka. Hakukuwa na kurudia sehemu moja baadaye. Tarumbeta ikikosea dakika ya sita, wote walianza upya.

Uchache huo wa vifaa ulidai ufundi ambao bado unasikika kwenye kanda zile. Urari wa sauti uliamuliwa na miguu: mwenye ala kali alisogea nyuma, mwimbaji alikaribia maiki kwenye ubeti na kurudi hatua moja wenzake walipoitikia. Mpigaji aliyetaka kusikika hakuwa na kitufe cha kuongeza. Ilibidi wengine wampe nafasi. Kwa hiyo kanda ilinasa bendi ikisikilizana, na kusikilizana hakuwezi kuongezwa baadaye na mashine yoyote.

Nguvu nyingine ilitokana na utaratibu. Wimbo ulifika studio ukiwa umeshapigwa mazoezini na mara nyingi ukumbini, wachezaji wameshauonja, sehemu zilizolegea zimeshaondolewa. Santuri ndogo nayo iliheshimu umbo lake. Wimbo mrefu uligawanywa pande mbili, hadithi ikakaa upande wa kwanza na chemko upande wa pili, na wapangaji wazuri walijua kuukata mahali ambapo msikilizaji atatamani kuigeuza sahani.

Leo studio iko karibu na kila mtaa, na mtu mmoja anaweza kurekodi ala zote akiwa ameketi. Uwezo huo una manufaa, na bendi isiukatae. Ila ichukue ile kanuni ya zamani: wimbo uchezwe kwanza, urekodiwe baadaye. Wimbo uliopigwa mbele ya watu kwa miezi michache utawapunguzia saa za studio na kuwaongezea uhakika. Besi, drams, tumba na ridhimu warekodi pamoja katika chumba kimoja, wakionana, hata kama waimbaji na upepo wataingizwa baadaye. Mwendo wa dansi hupanda kidogo linapoingia chemko, na kumlazimisha mpiga drams kufuata mdundo wa mashine usiobadilika ni kuukata mguu wa wimbo. Kama mashine lazima itumike, ipangwe ifuate bendi.

Mengine ni ya unyenyekevu. Nyuzi mpya ziwekwe siku moja kabla zipate kutulia. Magitaa yapatanishwe kwa chombo kimoja, na yapatanishwe tena baada ya kila jaribio. Mwimbaji alale. Fikeni mkijua ni nyimbo ngapi zitarekodiwa, na ziwe chache kuliko mnavyotamani. Majaribio mawili matatu ya mwanzo mara nyingi ndiyo yenye uhai. Kuanzia hapo mikono hunyooka na moyo hupoa. Mkitoka, ondokeni na nakala ya kila sauti iliyorekodiwa peke yake, na karatasi inayosema nani alitunga, nani alipanga, nani alipiga nini na lini. Nyimbo nyingi za zamani zinapendwa leo bila anayezipenda kujua vidole alivyosikia ni vya nani. Tangu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Tanzania ina chombo cha kusajili kazi hizo, COSOTA. Usajili unahitaji majina, na majina yaliyoandikwa siku ile ya kurekodi hayazui ugomvi miaka ishirini baadaye.

Kukaa pamoja

Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walifika Mombasa mwaka 1971 na kuunda Simba Wanyika. Mwaka 1978, wakiwa wameshahamia Nairobi, bendi ilipasuka. Omar Shabani, mpiga ridhimu, aliondoka pamoja na wenzake, akajiunga nao John Ngereza, na ikazaliwa Les Wanyika iliyoutikisa mji kwa "Sina Makosa". Mashabiki hutaja waimbaji na wapiga solo, lakini kilichohama na Omar Shabani ni ule mwendo wa chini ambao wengine wote huutegemea. Viongozi wengi huwabembeleza walio mbele ya jukwaa na kuwasahau walio nyuma. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na asiyesifiwa kabisa hatimaye huhama na mnazi wake. Sifa na fedha vigawanywe kwa kuangalia kazi, na kazi ya ridhimu ni kazi.

Suala la pili ni vyombo. Katika historia ya dansi la Dar es Salaam, mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Mashirika, majeshi na viwanda vikafuata mfano huo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki nacho kilikuwa na Urafiki Jazz. Mshahara uliwapa wanamuziki muda wa kufanya mazoezi mchana, na mazoezi hayo ndiyo yaliyojenga mitindo tunayoisifu. Lakini siku mwenye vyombo alipobadili nia, mpiga gitaa hodari alibaki na mikono mitupu. Bendi ya leo inunue vyombo vyake kidogo kidogo, kutoka mfuko wa pamoja, kila onyesho likichangia sehemu inayojulikana. Kila aliyechangia aandikwe.

Yaandikwe pia mambo matatu ambayo watu huona aibu kuyasema wakati wangali wanapendana: jina la bendi ni la nani, anayeondoka anaondoka na nini, na anayeugua anasaidiwa vipi. Karatasi hiyo haivunji urafiki. Inauondolea mzigo usio wake, kwa sababu urafiki haukuumbwa kugawana mapato ya mlangoni. Hesabu isomwe mbele ya wote baada ya kila onyesho, usiku uleule, hata kama kilichopatikana ni kidogo. Hasa kama ni kidogo.

Na anayetaka kwenda aende vizuri. Gurumo aliimba NUTA Jazz, akaunda Mlimani Park, akaenda Safari Sound, na baadaye akarudi kwenye bendi ile iliyokuwa NUTA Jazz, ambayo hatimaye ilijulikana kwa jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Humo aliimba hadi alipotangaza kustaafu mwaka 2013. Angeagwa kwa matusi asingerudi, na vijana walioimba kando yake wasingepata shule ile. Bendi iache mlango wazi kwa waliohama, na isimfanye aliyebaki aone kwamba uaminifu wake ni ujinga.

Msondo ndiyo ushahidi ninaouheshimu kuliko wote. Imebadilisha jina kadiri chama cha wafanyakazi kilivyobadilika, kutoka NUTA hadi JUWATA hadi OTTU, kisha ikajitegemea. Ilimzika TX Moshi William mwaka 2006, Gurumo mwaka 2014, na Shaaban Dede mwaka 2017, na kila mara ilirudi jukwaani. Huwezi kufanya hivyo kwa kumtafuta mtu anayefanana sauti na marehemu. Unafanya hivyo kwa sababu kijana anayeshika maiki alikaa miaka kadhaa kwenye kiitikio akisikia wimbo unavyogeuka, na nyuma yake yuko mpiga ridhimu ambaye naye alifundishwa na aliyemtangulia.

Anayeunda bendi leo asianze kwa kuhesabu vipaji alivyonavyo. Achukue wimbo mmoja, mmoja tu, aukalie na wenzake mpaka kila mtu aweze kueleza jirani yake anapiga nini na kwa nini anaacha pale anapoacha. Kazi hiyo inachosha, na haimletei mtu sifa. Bendi iliyoimaliza itapoteza watu, kama zote zinavyopoteza, lakini wanaobaki watajua cha kumfundisha mgeni kesho yake asubuhi.